Vespa za kukodi Unguja: zipunguzwe, zifungiwe njia, au mgeni apewe mtihani?

Kaa barazani karibu na njia panda ya Paje kuanzia saa kumi alasiri, hutakosa kuwaona. Kijana wa Kizungu, kaptula, kandambili, vespa ya kukodi. Mwenzake kakaa nyuma, mkono mmoja kiunoni mwa dereva, wa pili umeshika simu inayopiga picha. Kofia ngumu ipo, ila imening'inizwa kwenye usukani. Wanafika kwenye njia panda, dereva anatazama kushoto kama alivyozoea kwao, na daladala inamjia kutoka kulia. Mara nyingi hupita salama. Isipokuwa siku ile ambayo hakupita, na wazee wa barazani wanaanza: "Hizi vespa zipunguzwe bwana, zimezidi."

Zamani nilikuwa naitikia kwa kichwa. Siku hizi nauliza: zipunguzwe vipi? Maana neno hilo lina sura nyingi. Kuna kumkataza mgeni kukodi kabisa. Kuna kuweka idadi ambayo wakodishaji hawaruhusiwi kuivuka. Kuna kufunga eneo lisiingie chombo cha kukodi kutoka nje. Kuna kumchagulia mgeni aina ya chombo, na kuna kumwacha akodi anachotaka baada ya kufaulu mtihani. Kila moja imeshajaribiwa au walau kutangazwa kwenye kisiwa fulani duniani, kwa hiyo hatuna haja ya kubahatisha. Ukiwa utaombwa neno kwenye mkutano wa shehia, au una nyumba ya wageni na hao wanaokodi ni wageni wako, jua kwanza yaliyowapata wenzetu.

Kwanza hesabu

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni wa kimataifa 638,498, na mwaka 2024 wakafika 736,755. Ni ongezeko la kama asilimia 15 ndani ya mwaka mmoja. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba ajali za vyombo vya kukodi nazo ziliongezeka kwa asilimia hiyo hiyo. Barazani tutasema hali imeharibika, na kwa mwenyeji anayevuka barabara kweli imeharibika, kwa sababu yeye hakuongezeka. Lakini hatari ya kila mgeni mmoja mmoja imebaki palepale. Geuza sasa: wekeni mgawo, yaani ile idadi isiyovukwa, ajali zishuke, na mwaka huohuo wageni nao wapungue. Aliyepunguza ajali ni nani, mgawo au uchache wa wageni? Kisiwa kinachotazama jumla peke yake hakiwezi kujibu.

Pili, chombo kilichofunikwa turubai hakigongi mtu. Mkodishaji mwenye vespa kumi, masika yakikolea mwezi wa Aprili, nane zinalala uani. Mgawo ukimwachia tano, miezi hiyo barabarani hakijabadilika kitu. Utauma Agosti na Desemba, na hata hapo zile tano zitashinda barabarani, asubuhi kwa huyu, jioni kwa yule. Umepunguza vyombo kwa nusu, ila kilomita zinazotembezwa hazikupungua kwa nusu, na ajali inafuata kilomita.

Tatu, na hili ndilo lililonibadilisha mawazo: yule aliyekosa chombo alikwenda na nini? Kalala hotelini? Kapanda daladala? Kachukua bodaboda? Au kapata pikipiki ya jirani isiyo na bima, kwa mkataba wa mdomo?

Bermuda: gari lilizuiwa, skuta ikajaa

Bermuda ni visiwa vidogo vya Atlantiki, vyenye takriban kilomita za mraba 53 na watu kama 64,000. Huko wanaendesha kushoto kama sisi. Magari ya binafsi yaliruhusiwa mwaka 1946, na sheria ikaiwekea kila nyumba kikomo cha gari moja. Mgeni hakuruhusiwa kukodi gari hata siku moja, mpaka mwaka 2017 vilipokubaliwa vigari vidogo vya umeme vya watu wawili. Mwendo wa juu ni kilomita 35 kwa saa kisiwa kizima. Ukisikia haya unasema hawa wamemaliza kazi, hakuna mtalii atakayeumia pale.

Kumbe mgeni aliyenyimwa gari alikabidhiwa skuta. Utafiti wa kitabibu uliochapishwa mwaka 1996 ulikuta kwamba watalii Bermuda wanaumia kwa pikipiki kwa kiwango kinachowazidi wenyeji. Fikiria mtu anayeendesha gari kwao miaka ishirini bila mkwaruzo. Kisiwa kikamwambia gari hapana, chukua hiki cha magurudumu mawili, ambacho pengine hajakishika tangu ujana wake. Kwenye gari angepata ajali akatoka na bati lililobonyea. Kwenye skuta anatoka na ngozi iliyochunika, au na kichwa.

Kwa haki, sheria ile haikutungwa kwa ajili ya ajali. Walitaka utulivu na barabara zao nyembamba zisifurike, na hilo walilipata. Lakini sisi tunaoiangalia kwa jicho la ajali tuna la kujifunza: kikomo kinachomtoa mtu kwenye magurudumu manne na kumweka kwenye mawili kinaweza kuongeza majeruhi huku kikipunguza magari. Pale Paje, anayesema "tupunguze magari ya kukodi" bila kutaja vespa anaomba shida ya Bermuda kwa mdomo wake.

Udo: kufunga mlango kunafaa penye mlango

Mfano unaotajwa sana na wanaopenda vikwazo ni Udo, kisiwa kidogo mashariki ya Jeju, Korea Kusini. Kina kilomita za mraba kama sita tu, lakini kabla ya vikwazo kilikuwa kinapokea wageni karibu milioni mbili kwa mwaka. Tarehe 1 Agosti 2017 mkoa wa Jeju ulizuia magari ya kukodi na mabasi ya kukodiwa kutoka nje yasivuke kwenda Udo. Baadaye ikatolewa ruhusa maalumu kwa wanaolala kisiwani na kwa wanaosafiri na wazee au walemavu. Msongamano ukapungua, jambo ambalo halihitaji mtaalamu: ukizuia magari yasipande kivuko, ng'ambo ya pili hayatakuwepo.

Ila hapo katikati zikashamiri baiskeli za umeme na vigari vya magurudumu matatu vinavyokodishwa palepale kisiwani, na vyenyewe vikawa na ajali zake. Ni Bermuda ileile kwa umbo jingine.

Agosti 2025 kikwazo kikalegezwa kiasi, baadhi ya magari ya kukodi yakaruhusiwa tena. Novemba mwaka huohuo, gari la kukodi lililokuwa limeshuka kwenye kivuko liliwavamia watu karibu na gati, na watu watatu wakapoteza maisha. Ni rahisi sana kusema: mnaona, walifungua na watu wakafa. Mimi nakataa kwenda haraka namna hiyo. Ajali moja, hata iwe nzito vipi, haipimi sheria. Gari la mwenyeji nalo lingeweza kufanya vile, na gati ambalo watembea kwa miguu na magari wanashuka njia moja lina hatari yake hata magari ya kukodi yasiwepo. Hata hivyo siwezi kuwabeza watu wa Udo wakitaka kufunga tena. Waliozikwa si takwimu.

Kwetu, Udo inafaa wapi? Kufunga kuliwezekana kwa sababu mlango ni mmoja, yaani kivuko. Ukienda Paje mlango uko wapi? Unaweza kuja kwa Jozani na Kitogani, unaweza kuja kwa Makunduchi na Jambiani, na vespa nyingi zimelala hukohuko kijijini, hazitoki mjini. Utaweka kizuizi kila kona? Lamu swali hili halipo, vichochoro vyenyewe vimeshalijibu, gari halina pa kupita. Unguja hatuna bahati hiyo nje ya Mji Mkongwe.

Mgawo wa Jeju na Ibiza, kwa ufupi

Jeju yenyewe, kisiwa kikubwa, ilianza mgawo wa magari ya kukodi Septemba 2018, ikilenga kuyashusha mpaka 25,000. Makampuni yakaenda mahakamani. Ibiza nayo, kisiwa cha Hispania, kiangazi cha 2025 iliweka kikomo cha magari ya kukodi na ya wasio wakazi kwa siku, zaidi kidogo ya 20,000, sehemu kubwa ikiwa ni ya kukodi, kwa miezi ya Juni hadi Septemba. Sitakaa sana hapa, kwani yote mawili yamelenga foleni na maegesho zaidi kuliko ajali. Kama tatizo lako ni foleni, soma habari zao kwa makini. Kama tatizo lako ni mifupa iliyovunjika, mgawo ni dawa ya ugonjwa mwingine. Na barabara ikiwa nyeupe, dereva hukanyaga mafuta.

Bali: tangazo ni rahisi

Machi 2023 gavana wa Bali, kisiwa cha Indonesia, Wayan Koster, alitangaza mpango wa kuwazuia watalii wa kigeni kukodi pikipiki. Polisi walikuwa wamewakamata wageni zaidi ya 170 kwa makosa ya barabarani ndani ya siku chache tu: bila kofia, bila leseni, wengine na namba bandia. Wananchi walishangilia. Wakodishaji wakaja juu, kwani Bali anayekodisha si kampuni kubwa, ni mama mwenye duka na pikipiki tatu mlangoni. Leo hii wageni Bali bado wanakodi pikipiki.

Nimeuweka mfano huu kwa sababu Paje na Nungwi zinafanana na Bali kuliko zinavyofanana na Jeju. Vespa nyingi ni za kijana mmoja aliyechanga na kaka yake. Katazo kamili linamnyang'anya yeye ugali na linampa mgeni sababu ya kutafuta chombo cha mlango wa nyuma, ambacho hakijulikani bima yake wala breki zake. Kabla ya katazo, trafiki wa kizuizi cha barabarani angalau alikuwa na karatasi ya kuuliza.

Rarotonga: mgeni kwenye foleni ya polisi

Hapa ndipo ninapopapenda mimi. Rarotonga, kisiwa kikuu cha Visiwa vya Cook huko Pasifiki, kina barabara inayokizunguka yenye urefu wa kama kilomita 32, na skuta ndiyo usafiri wa kila mtu. Mgeni asiye na leseni ya pikipiki huenda kituo cha polisi cha Avarua, hufanya mtihani wa maswali, kisha hupanda skuta mbele ya afisa na kuonyesha kama anaweza. Akifaulu analipa ada na kupewa leseni ya mgeni. Imekuwa ni kama sehemu ya utalii wenyewe, watu wanapiga picha na kadi zao.

Linganisha na kwetu. Zanzibar mgeni anatakiwa awe na kibali cha kuendesha, na trafiki wa vizuizini wanakiuliza kweli. Lakini kibali kinapatikana kwa kuonyesha leseni na kulipa, hakuna anayemwambia panda nikuone. Mtu mwenye leseni ya gari tu kutoka Milano au Warsaw anaondoka na vespa, na siku ya kwanza anajifunza mambo mawili kwa mpigo: kusimamia magurudumu mawili, na kukaa kushoto. Akianguka, bima nyingi za safari hazilipi kama mwendeshaji hakuwa na leseni ya daraja la pikipiki. Tangu Oktoba 2024 kila mgeni wa kigeni anayeingia Zanzibar analipia bima ya lazima ya dola 44, na wengi wanaichukulia kama kinga ya kila kitu. Mwenye nyumba ya wageni, waambie wasome masharti kabla ya kupokea ufunguo.

Mtihani una kasoro yake. Unamchuja asiyejua, haumchuji mlevi. Na unaweza kugeuka dirisha jingine la kuchotea ada, karatasi inagongwa muhuri bila mtu kupanda chombo. Kinga pekee ninayoiona ni mtihani ufanywe hadharani, kijijini, mbele ya macho ya watu.

Na kama tatizo ni mwendo?

Kuna jaribio moja kubwa la usalama barabarani hapa Unguja, na waliofaidika hawakuwa watu. Barabara ya kwenda Paje inakata msitu wa Jozani, na kima punju walikuwa wanagongwa kila wiki mbili au tatu. Yakajengwa matuta manne. Watafiti waliofuatilia walikuta vifo vimeshuka hadi kima mmoja kwa kila wiki sita hivi. Hakuna gari lililozuiwa, hakuna mgawo, hakuna leseni mpya. Magari yaleyale, ya wenyeji na wageni, yalilazimishwa kupunguza mwendo. Siwezi kujizuia kusema: kima walipata matuta kabla ya skuli kadhaa ninazozijua.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima akigongwa na gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, uwezekano wa kufa uko chini ya asilimia 20, na gari likiwa kwenye 80 unakaribia asilimia 60. Tena, mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia moja, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia nne. Kofia ngumu iliyovaliwa, siyo iliyoning'inizwa, hupunguza hatari ya kufa kwa mpanda pikipiki kwa zaidi ya asilimia 40. Ukizipanga namba hizi pamoja na habari za visiwa vyote hapo juu, utaona kwamba idadi ya mikataba ya kukodi iko mbali na kinachoua. Kilicho karibu ni chombo gani, kwa mwendo gani, saa ngapi.

Saa ngapi, nalirudia, maana sijaona wakilitilia mkazo. Nje ya mjini taa za barabarani ni za kuhesabu. Usiku baiskeli haina taa, ng'ombe amelala kwenye lami kwa sababu ina joto, na mgeni anatoka kwenye sherehe ya mwezi mpevu Kendwa. Ukitaka kuwekea vespa kikomo, badala ya kuhesabu ngapi zitoke, weka saa ya kurudi. Mkataba useme ufunguo unarudishwa kabla ya magharibi. Mkodishaji hapotezi mteja wa mchana, na saa mbaya kuliko zote zinaondoka kwenye hesabu.

Ukiziweka bega kwa bega

Kwa wepesi wa kutangaza, katazo kamili na mgawo vinashinda, mkutano mmoja unatosha. Kwa ugumu wa kusimamia vinashinda pia, hasa pale ambapo mkodishaji ni mtu mmoja na uani kwake. Kufunga eneo ni safi na kunapimika, ila kunadai kivuko au geti. Kumchagulia mgeni aina ya chombo ni hatari usipoangalia anahamia wapi. Kwetu ingefaa kinyume cha Bermuda: gari dogo liwe rahisi kukodi kuliko vespa. Mtihani unachelewesha mgeni nusu siku na unahitaji mtu mwaminifu. Matuta yanawaudhi madereva wote, wenyeji na wageni, na hayamwombi mtu yeyote awe mwaminifu.

Kwa kipato, katazo linawaumiza vijana wa vijijini, mgawo unawanufaisha wale waliokwisha kupata namba (namba hizo zitaanza kuuzwa, subiri uone), mtihani na saa ya kurudi vinapunguza biashara kidogo kwa kila mtu. Kwa nani anaokolewa: katazo na mtihani vinamlinda zaidi mgeni mwenyewe. Matuta yanamlinda mtoto wa skuli, ambaye hakukodi chochote.

Kwa hiyo, mimi ningechagua hivi. Kisiwa kidogo chenye gati moja, kifungwe, Udo wako sawa. Nungwi na Kendwa, ambako umbali ni mfupi na watu ni wengi, saa ya kurudi na mwendo wa kilomita 30 ndani ya kijiji. Paje, Bwejuu na Jambiani, ambako barabara imenyooka na inamshawishi mtu, matuta mbele ya kila skuli kwanza, kabla ya mkutano wowote wa kujadili vespa. Kisha mtihani, kwa yeyote asiye na daraja la pikipiki kwenye leseni yake. Hauhitaji jengo. Kiwanja cha mpira kinatosha, kabla timu hazijaingia: zunguka, simama ghafla, geuka kulia bila kuishia upande wa pili, na kofia ikiwa kichwani. Dakika ishirini. Wa kuanguka aangukie mchanga, watoto wamcheke kidogo, na jioni aende Jambiani kwa daladala ya 309.